Nani Amekutuma

Kadutu hakuna namba za nyumba zinazosomeka.
Unauliza: fundi wa cherehani yuko wapi?
Na mtu anaacha kumenya muhogo, ananyoosha kisu:
panda, ukiona bomba linalovuja, kata kushoto,
sema umetumwa na Mama Nabintu.
Hivyo ndivyo baba alivyopata wateja miaka ishirini na sita.

Nami nikamtengenezea ukurasa
usiku wa manane, umeme uliporudi:
picha ya mashine nyeusi, namba ya simu,
*Zihindula, Fundi Cherehani, Bukavu.*
Nikauliza mtandao. Ukanipa kurasa tatu za watu wengine.
Sisi tulikuwa kwenye wa nne, chini,
ambako hata mwenye shida hashuki.

Juu kabisa alikaa mtu asiye na bisibisi.
Nikamchunguza: tovuti mia nne zinamwelekea,
za kamari, za dawa za kunenepesha, za lugha nisizozijua,
zote zimemsifu siku moja, saa moja,
kama wapiga makofi waliolipwa soda.
Kisha kijana akanipigia: dola thelathini, dada,
nakupa viungo mia mbili kabla ya Jumapili.

Kiungo. Neno lile lile la goti,
lile lile la bizari.

Nikamweleza baba. Akatema uzi aliokuwa ameuuma.
"Hao mia mbili, ni nani nimemtengenezea hata pedali?"
Nikanyamaza. Thelathini ilikuwa kodi ya kibanda.

Wanasema chema chajiuza.
Chema hukaa kwenye boksi kikingoja mtu akitaje.
Na kutajwa hakulingani:
kidole cha mkunga ni kizito kuliko vidole kumi vya mlevi.
Mlevi naye huonyesha njia,
ila huonyesha kila njia.

Mwezi wa tatu, shule ya ushonaji ya Bagira
iliandika mstari mmoja chini ya picha ya wahitimu:
mashine zetu kumi na tisa hutunzwa na fundi Zihindula.
Jina limepigiwa mstari; ukiligusa, unafika kwetu.
Sikuwaomba. Walikumbuka tu mkanda aliowabadilishia bure
wiki ya mtihani, mvua ikibomoa barabara.

Tumepanda hadi ukurasa wa pili.
Yule asiye na bisibisi alizama wiki moja, akaibuka tena,
siwezi kusema ameadhibiwa.
Lakini jana alikuja mtu kutoka Walungu, cherehani begani,
na baba akamuuliza kama anavyowauliza wote:
"Nani amekutuma?"
Mtu akatoa simu.
Baba akaisogeza mbali na macho, akasoma polepole.
"Aa, Bagira," akasema. "Hao nawafahamu."

Usiku nimeongeza mstari kwetu pia:
*sindano tunanunua kwa Mapendo Cikuru, ngazi za kushukia Funu.*
Nimeuunga na ukurasa wake wenye picha moja, tena imepinda.
Sijui kidole chetu kina gramu ngapi.
Nimekinyoosha.