Kipengele cha Saba

Fomu inasema: Eleza tatizo la mtoto.
Wameacha mstari mmoja,
mfupi kuliko kidole changu cha shahada,
na karani ananitazama kama mtu anayesubiri chenji.

Naandika: Mihambo.
Ananiambia, mama, jina umeshaliandika juu.

Basi nianzie wapi?
Nianzie kwenye ile rimu ya lori
iliyoning'inizwa kwenye mninga wa shule,
inayogongwa kwa nondo asubuhi,
na mwanangu, siku yake ya kwanza darasani,
akazama chini ya dawati kama jiwe kisimani,
wasimtoe kwa pipi wala kwa fimbo
mpaka nilipoitwa kutoka stesheni,
nikaacha beseni langu la michembe
kwa mtu nisiyemjua hata jina?

Walisema: asiyesikia la mkuu.
Hawakumalizia, kwa kunistahi.
Lakini huyu husikia la mkuu,
husikia la mbu, la unga ukimiminwa kwenye debe,
husikia hii taa ya ofisini inavyokoroma
ambayo wewe, karani, umeizoea.
Kinachomshinda ni kutosikia.

Hilo halienei kwenye mstari.

Mtendaji wa mtaa alitaka barua ya shule.
Shule ilitaka cheti cha Kitete.
Kitete walimtaka afisa wa elimu maalumu,
naye yuko semina, Dodoma.
Nikarudi Jumatano. Semina ilikuwa imezaa semina.
Faili la kwanza halikuonekana.
Hili ni la pili; nimelishona pembeni kwa uzi wa gunia.

Wifi yangu Kashindye alisema twende Sikonge
kwa mzee mmoja anayefungua masikio.
Sitaficha, nilikwenda.
Kuku wawili, na nauli ya kukopa.
Mzee akapiga ngoma.
Mnaweza kumalizia wenyewe.

Tena kuna Mwalimu Ntahondi, kijana wa Kasulu,
ana watoto tisini na wanne na chaki za kuhesabu.
Huyu hakungoja fomu.
Kabla ya rimu kulia husimama dirishani,
anainua kitambaa cha kijani cha kufutia ubao,
na Mihambo anaziba masikio, anahesabu hadi kumi na mbili,
anazibua, anaendelea kuandika herufi zake
ambazo zote zimelala upande mmoja kama nyasi baada ya upepo.
Ni hivyo tu. Kitambaa.
Mwezi mzima hajaingia chini ya dawati.

Sasa karani ananiuliza:
kama mwalimu ameshamsaidia, mama, unatafuta nini hapa?

Namwambia: mwalimu huhamishwa.
Siku moja atapanda basi la Kasulu na begi lake,
na kitambaa kitabaki kufuta ubao.
Nataka kiandikwe. Nataka atakayekuja,
hata akiwa mkali, hata akiwa mvivu,
akute karatasi inayomwambia: inua mkono kwanza.
Nataka wema wa mtu mmoja uwe kazi ya ofisi.

Nageuza fomu, naandika ukingoni,
napanda juu mpaka kwenye nembo,
nateremka mpaka palipoandikwa Kwa Matumizi ya Ofisi Tu.
Mama, umetoka nje ya mstari.
Ndiyo, nasema. Huko ndiko anakokaa.

Hasemi kitu.
Anavuta droo, anatoa mhuri,
anaupulizia pumzi ili wino ushike,
anauinua juu kama wanavyouinua wote,
mara anamwona Mihambo kando yangu,
viganja vimeshafika masikioni,
midomo imeshaanza moja, mbili.

Mkono wa karani unasita hewani.
Kisha anaushusha mhuri taratibu,
anaukandamiza bila sauti,
kama mtu anayefunika chungu mtoto akiwa amelala.

Umekaa upande. Tarehe haisomeki vizuri.
Mihambo amefika tisa.
Tunamngoja amalize.