Pete ya Maweni

Pete ile aliichomelea fundi Mwambire
kwa chuma cha kitanda cha marehemu mkewe,
akaifunga kwenye nguzo ya simu iliyokwisha kazi
nyuma ya shule, huku Maweni.
Ikalala kushoto, vidole viwili.
Nani apime? Mpira ukiingia, umeingia.

Hapo mkono wa kaka yangu Yeri
ulijifunza uongo mdogo:
lenga kando kidogo, upate katikati.

Akarefuka. Mama akakunjua pindo la suruali
mpaka pindo likaisha.
Akaja mtu na daftari, akampima mikono
kama fundi wa kanzu,
na baada ya mwezi ikaja barua:
chuo, chakula, vitabu, kitanda, miaka minne, Marekani.
Mama aliuliza jambo moja tu.
"Hicho kitanda kina urefu gani?"

Jina la mji wenyewe
Mama hulitamka kama anayepuliza uji.
Yeri alituma picha: mahindi, mahindi, mpaka mbingu inapoanzia.
"Kwenda kote huko," Mama akasema,
"kukuta mahindi!"

Mimi nikawa mwandishi wake.
Saa kumi alfajiri, simu chini ya shuka,
bando la shilingi ishirini.
Mtangazaji aling'ata NGUMBAO mara tatu,
akatema, akamwita Kumi na Nne.
Kisha picha ikakwama:
kaka yangu hewani, mkono juu, hashuki.
Nikaomba bando lisiishe
naye bado yuko juu.

Ninalo daftari hadi leo, kalamu ya kijani.
Mwaka wa kwanza, dakika kumi na moja, pointi mbili.
Wa pili: goti.
Wa tatu alikaa benchi na taulo begani, akiwapigia wenzake makofi.
(Aliyapiga vizuri. Hilo nalo niliandika.)
Wa nne, dakika arobaini na sita, pointi kumi na saba,
na usiku mmoja watu elfu tatu walisimama kwa ajili yake,
au walikuwa wanakwenda kununua soda,
picha haikuwa safi.

"Huku pete imetulia sawa kama maji ndani ya ndoo,"
aliniambia kwa simu.
"Mkono wangu ndio mwongo, Dada.
Kila mpira unagonga kushoto.
Kocha anauliza nimefundishwa na nani."

Nasi huku tulishamtajirisha.
Kinyozi alibandika picha yake juu ya kioo.
Mjomba Baya aliagiza pikipiki, akataja na rangi.

Alirudi na shahada ya mambo ya maji,
goti linalojua mvua kabla ya mawingu,
na viatu visivyomfaa mtu yeyote Malindi.
Sasa anasoma mita, Barani hadi Kisumu Ndogo,
akiinama kila mlango.
"Mmarekani! Maji yanatoka lini?"

Jioni ya kwanza alikwenda kwenye pete.
Mipira kumi; yote kumi ikaingia.
Watoto wakapiga kelele, wakamrukia mgongoni.
Mimi nilimtazama uso.
Miaka minne, na mkono haukusahau neno.

Kesho yake akaja na ngazi, nyundo,
na chupa ya maji nusu.
Akailaza chupa juu ya chuma, akagonga,
akatazama, akagonga.
Chini, Mwambire alishika ngazi kwa mikono miwili.
"Taratibu, mwanangu.
Chuma hicho nimekilalia miaka thelathini."

Maji yakatulia.

Jioni ile watoto walikosa yote.
Mbodze wa darasa la sita akabwaga mpira mavumbini:
"Umetuharibia goli letu!"
Yeri akauokota, akalenga, akarusha.
Ukagonga kushoto.
Akacheka, mara ya kwanza tangu uwanja wa ndege,
akamrudishia mpira.
"Haya. Tuanze wote."

Nikafungua daftari, ukurasa mpya.
Maweni, Jumatano.
Yeri: mipira kumi, imeingia mitatu.
Mbodze: mmoja.