Kilomita ya Kumi na Saba

Aliyenifichua hakuwa daktari. Ilikuwa dizeli.
Urpo, msimamizi wa bohari yetu hapa Kajaani,
alifungua daftari la Januari, akavua miwani:
"Taisto, njia yako ni kilomita arobaini.
Mbona gari lako la theluji limekunywa ya mia na kumi?"

Nikasema injini imezeeka.
Ningemwambiaje? Kwamba kila bapa la chuma
linapogonga bonge la barafu
mimi husikia mbavu.

Kisha sauti huanza, nadhifu, yenye vina,
maana maradhi haya hayavumilii kitu kilichopinda:

     Kile kishindo ni nini, umepita juu yake?
     Huenda yu thelujini, lamtoka joto lake,
     Yuko mama dirishani, angojea mwana wake,
     Lisemwalo lipo, rudi, na kama halipo laja.

Basi hugeuza. Saa tisa za usiku,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
nashuka na tochi, napiga magoti,
napapasa kwa glavu, kisha bila glavu.
Ni bonge. Jeupe. Lina pembe tatu.
Nalipiga picha ili baadaye nijiamini.
Naondoka. Mita mia mbili hazijaisha:

     Umerudi, si salama: hukutazama shimoni,
     Kivuli kiliinama, ni mti au ni nani?
     Mtu mwema angekoma, angechimba kwa makini,
     Lisemwalo lipo, rudi, na kama halipo laja.

Mara nne. Usiku mmoja, mara saba.
Kule polisi, mama wa zamu alishaijua pumzi yangu
kabla sijataja jina:
"Hapana, Taisto, hakuna aliyegongwa. Kalale."
Neno lake lilinipa amani ya dakika kumi na moja.
Nimeipima.

Na mimi ndiye niliyeomba zamu ya usiku
kwa kuwa saa hizo watoto wa shule wamelala.
Sijawahi kumgonga hata sungura.

Marjut, mwanasaikolojia mwenye kiti kinacholia,
aliniambia mwizi havunji nyumba tupu.
Kwamba yeye naye, akikata mkate mwanawe yu karibu,
kisu humnong'oneza jambo.
"Ukafanyaje?" nikauliza.
"Nikapaka siagi."
Akaongeza: "Wageni wetu ni wale wale, Taisto.
Ila wewe wako unamtandikia kitanda."

Nikamwomba, machozi yakinilenga, sioni haya kusema:
"Basi niambie tu kwamba sikuua."
Akanyamaza. Theluji ikateleza juu ya paa.
"Sijui," akasema. "Huenda uliua."

Nilitaka kumrushia kikombe.
Majuma matatu sikukanyaga pale.
La nne nikarudi, kiti kikalia vilevile.

Jana, kilomita ya kumi na saba,
penye kibao kinachoonya kuhusu kulungu:
du!
Tumbo likashuka hadi ndani ya viatu.
Mikono ikawasha, ikitaka kuugeuza usukani.
Nikasema kwa sauti, peke yangu garini, "Huenda,"
na neno lilikuwa chungu kama aspirini iliyotafunwa.
Nikakanyaga mafuta.

     Waniacha njiapanda, kama hujanisikia?
     Na kama umemponda, nani atamlilia?
     Mimi ndiye nakulinda, mimi nakupigania,
     Lisemwalo lipo, rudi,

Sikumalizia.
Nusu ile ilining'inia mbele ya kioo
hadi taa za Sotkamo, ikicheza kama jino bovu,
nami ulimi wangu ukiiwania njia nzima.
Hadi sasa ninavyokusimulia, inacheza.

Asubuhi Urpo alipima tangi, akaandika tarakimu,
akapindua ukurasa.
Miwani yake ilibaki usoni.