Ujane wa Njiwa

Ghislain, mbinu hii tulifundishwa na baba yako
enzi mgodi wa Jumet ulipokuwa bado unameza watu alfajiri
na kuwatema jioni, weusi hadi kwenye kope:
Jumatatu mtenge dume na jike wake.
Mpe mahindi, mpe maji, mpe kila kitu ila yeye.
Ijumaa mfungulie, amwone kwa dakika tano,
amzunguke, angurume, avimbishe shingo,
kisha kikapuni, kikapu garini, gari Ufaransa.
Kesho yake atarudi kama risasi.
Wakaiita mbinu hiyo ujane.
Nasi, wenye miaka kumi na tisa,
tukacheka hadi mbavu zikauma.

Tulijua nini?
Wanawake tuliwahesabu kama pete za miguuni mwa njiwa,
namba na mwaka, namba na mwaka.
Wewe ulisema saba, mimi nikasema tisa.
Ukweli, nilikuwa na nusu: binti wa mwokaji mikate,
aliyeniacha nimshike kiwiko.

Unaikumbuka nyumba ile nyuma ya stesheni, Charleroi,
yenye pazia la rangi ya nyanya?
Ulinilipia wewe, siku yangu ya kuzaliwa,
mshahara wa wiki nzima ya vumbi.
Yule dada akaketi kitandani akamenya chungwa.
Akaniuliza kama mama yangu yu hai.
Tukalila kipande kwa kipande hadi muda ukaisha.
Nilipotoka ukanipiga mgongoni: “Sasa umekuwa mwanamume!”
Vidole vyangu vilinuka chungwa.
Nikakusimulia uongo njia nzima, mvua inanyesha,
na wewe ukauitikia.

Kisha ndoa. Wewe na Marcelline, mimi na Josiane.
Miaka arobaini tulizungumza mbegu, upepo,
kikohozi cha njiwa, bei ya saa ya mbio.
Josiane alipohamia chumba cha mbele na mto wake
nilipanda bandani kwako nikasema,
“Leo upepo wa kaskazini.”
Ukasema, “Naam, wa kaskazini.” Ukanisogezea kiti.
Marcelline alipokufa nilikuletea gunia la dengu.
Gunia zima. Sikujua kitu kingine cha kubeba.

Jana mjukuu wako Corentin alipanda ngazi
na yule kijana wake, Yassine, mpole, anayeogopa mbawa.
Zamani tungelisema lile neno.
Tulilisema. Tulimwambia Aimé wa chumba cha taa
kila zamu, kila zamu, mpaka akahama mji,
na aliyecheka kuliko wote nilikuwa mimi.
Jana ulisogeza magunia ili wapate kukaa wote wawili.

Ukawaeleza ujane wa njiwa, kwa fahari, kama baba yako.
Corentin akasikiliza hadi mwisho, akauliza,
“Na jike, babu? Yeye wiki nzima alikuwa akifanya nini?”
Ukafungua mdomo. Ukanitazama mimi.
Miaka sitini na moja ya mbio,
vikombe kumi na vinne kabatini,
na hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza.

Wakashuka wameshikana mikono
hata kwenye ngazi ile nyembamba isiyokubali watu wawili.
Tukabaki na harufu ya mahindi na kinyesi.
Nikasema, “Kule nyuma ya stesheni, Ghislain.
Nilikula chungwa.”
Ukaokota unyoya kwenye suruali yako.
“Chungwa tu?”
“Chungwa tu.”
Unyoya mwingine.
“Mimi alinishonea kifungo.”

Hatukucheka papo hapo. Kicheko kilikuwa mbali,
mfano wa ndege aliyepotezwa na dhoruba
akafika Jumatano, saa imeshafungwa,
hana zawadi, mbawa moja inaning’inia,
na bado unamshika kwa mikono miwili.

Kisha ukainuka, magoti yakilia,
ukaing’oa ile mbao ya katikati.
Ilikuwa Jumatatu tu.