Swali la Saba

Nilipewa fomu mia mbili, kalamu mbili,
na posho ya siku tatu isiyotosha siku mbili.
Darasa la tano, Uvinza. Kwenye madawati ya watoto
watu wazima wamekunja magoti kama panzi.
Ubaoni hesabu ya jana haijafutwa:
saba gawanya kwa mbili. Jibu hakuna.

Swali la saba. Katika katiba mpya
madaraka yakae wapi?
Weka alama ya vema: Kati. Majimboni.
Kisanduku chenyewe kidogo
kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.

Akaanza Bitaliho, fundi baiskeli:
Pampu ya kisima chetu ilikufa tangu Ramadhani.
Kilichokufa ni mpira, mviringo kama pete,
pale stesheni dukani kwa Mhoja unauzwa.
Maombi ya kibali yaliandikwa hapa, yakapanda gari moshi,
yakashuka, yakapanda, yakagongwa mihuri mpaka karatasi ikatoboka.
Mwezi wa nane huu. Wake zetu wanachota Malagarasi,
wanachota huku mmoja kashika fimbo akitazama mamba.
Andika, karani:
aliye karibu na kiu ndiye ashike funguo.

Makofi. Nikaandika: Majimboni.

Ndipo akainuka Bi Nyamizi, mchemsha chumvi,
mikono imepasuka, weupe umelala ndani ya nyufa.
Makofi yenu yana haraka, alisema.
Bibi yangu alichemsha hapa hapa, kiangazi kwa kiangazi,
na kila mizigo kumi, mmoja ulikwenda kwa mtwale.
Mtwale hakukaa mbali. Alisikia kilio cha mtoto akizaliwa,
na siku ya arobaini alituma mtu kudai.
Ukaribu si huruma.
Huyo waziri wenu wa jimbo mimi namjua tayari,
ndiye anayenitoza ushuru wa tanuri bila risiti,
na leo kakaa benchi la mbele.

Hakuna aliyegeuka. Ila shingo,
shingo ziligeuka nusu.

Mkubwa wa mbali ana mkono mrefu, akaendelea,
lakini jicho lake hafifu, nikijificha nafichika.
Huyu wa karibu anajua hata idadi ya sufuria zangu.

Basi niweke Kati, mama?

Nani kasema Kati?
Nimekaa jikoni miaka hamsini na miwili.
Mafiga ni matatu,
na katikati ya mafiga hakuna figa, mwanangu.
Kuna moto tu.

Kalamu ya kwanza ikaisha wino hapo, au niliisingizia.

Ezroni wa bodaboda akauliza
kama majimbo yakija, kwenda Tabora kutahitaji pasi.
Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.
Mama yake alivuka kutoka Burundi na mimba yake tumboni;
neno mpaka, kwao, halichezewi.

Usiku stesheni, nimekalia mkoba, nazipanga fomu.
Kesho zitapanda reli hii tunayoiita ya Kati,
ambayo mwisho wake ni ziwa,
ziende Kati, Kati ikazihesabu,
Kati ituambie kama Kati ipunguzwe.
Fomu ya Bi Nyamizi haina vema.
Maneno yake niliyabana pembeni,
juu ya pale palipoandikwa *kwa matumizi ya ofisi tu*,
na dole gumba lake limeacha punje;
kila nikiipangusa, inang'ang'ania.

Saa tano akaja Bitaliho, kurunzi mdomoni,
mikono ya grisi hadi kwenye viwiko.
Tumechanga, alisema. Mia mbili mbili.
Mhoja katufungulia duka usiku. Mpira tumeufunga. Inatoa.
Kibali hatuna.
Sasa niambie, wewe mwenye fomu:
tumevunja sheria ya nani?

Nikapekua karatasi, kana kwamba jibu limo.
Akachoka kungoja, akanipa chupa.
Nikanywa.
Maji yalikuwa na chumvi kidogo.