Jina la Kanga

Mie si daktari. Mie ni wa mapipa.
Kambi hii ilikuwa skuli mpaka juzi;
ubaoni bado mna hesabu ya kugawanya
ambayo hakuna mtoto aliyerudi kuimaliza.
Pipa la mwanzo la ndoo, dawa yake hukata pua.
La pili la nguo. La tatu la mikono,
na hilo ndilo lililoninyang'anya hina ya Idi.

Mlangoni tumelaza sifongo iliyolowa:
ukiingia unakanyaga, ukitoka unakanyaga,
kama mtu aombaye radhi kwa nyayo.
Vitanda vina tundu katikati, chini yake ndoo,
na muuguzi Mwanaidi anaandika
iloingia, ilotoka, iloingia, ilotoka,
kalamu haiinuki.

Akaletwa Time binti Faki, wa Kangagani,
usiku, kwa gari la ng'ombe, macho yamezama.
Ngozi ukiifinya inabaki imesimama,
haina haraka ya kurudi.
Alikuwa kajifunga kanga moja, mpya, ya buluu,
jina lake: USINIACHE NJIANI.
Pacha wake kabaki nyumbani, sandukuni.

Kilichoingia hakitoki ila kwa kupita pipani.
Nikaitia. Dakika kumi, nilisema,
nikaitwa kubeba maji ya chumvi,
nikarudi magharibi ishaingia.
Ncha moja ilizama, nyingine ililala ukingoni.
Klorini haijui kusoma.
Ilianza kushoto. Ikala U, ikala S, ikala I,
ikachoka hapo.
Nikaianika kwenye uzio. Hapakuwa na pengine.

Sasa mumewe, Shaame, fundi baiskeli,
kila alasiri husimama nje ya uzio
na chupa ya uji tusiyoiruhusu kuingia.
Husimama tu. Hunywa mwenyewe kidogo
ili asirudi nayo nzito.
Siku ya tatu akaikuta kanga.
Pemba nzima hakuna asiyejua
kwamba kanga haitundikwi bure.

NIACHE NJIANI.

Akaisoma tena, midomo ikitembea.
Nilikuwa na barakoa, na ndoo mkono huu na huu.
"Dawa, yakhe! Ni dawa hiyo!"
Sauti ikanirudia mdomoni, ya moto.
Yeye keshatupa mgongo.

Siku ya nne hakuja.
Time, anayeweza sasa kukaa,
kikombe kakishika kwa mikono miwili, akauliza.
Nikasema mvua.
Hapakuwa na mvua.

Siku ya tano akaja, kwa mlango mwingine,
juu ya machela;
nyayo zake zikarashiwa dawa angali amelala.
Wanaume wako darasa la pili,
kati yao na wanawake ni turubai.
Time akamjua kwa mguno.
Hakusema neno. Usiku kucha nilimsikia
akihesabu chini kwa chini pamoja na Mwanaidi:
iloingia, ilotoka.

Jumatano akaruhusiwa. Nikampa kanga yake,
nikataka kueleza. Akaikunjua, akasoma,
akacheka hata akashika mbavu.
"Kumbe ndo maana," akasema.
Kisha hakucheka.
Nikamwambia uzi ninao, herufi ni tatu tu,
nitakushonea.
"Wacha. Ana macho. Ataona niliposimama."

Alasiri hii yuko nje ya uzio,
chupa ya uji kwapani,
kajifunga kanga ileile.
Kanga inasema yake, miguu inasema yake.
Dirishani kwa wanaume
kuna vidole vinne vimeshika nondo.

Mie nakoroga.
Ndoo ya kitanda cha sita
leo haikufika nusu.