Msumeno Unaolala Mwaka Mzima

Kibosho, Desemba. Nimepanda kutoka mjini,
sijanywa hata maji, nikaenda stoo.
Ulikuwa palepale nilipouacha Januari,
kati ya debe la pumba na jembe lisilo na mpini,
buibui kajenga kwenye mshikio.

Nikavuta kamba. Ukakohoa.
Nikavuta mara kumi na tatu,
mpaka bega likanikumbusha umri wangu.
Petroli ya mwaka jana ilikuwa imechacha tangini,
rangi ya chai iliyosahauliwa.
Nikaimwaga kwenye dumu, nikachanganya mpya:
lita moja, na oili vijiko vinne vya chai,
kwa kijiko ambacho hakitarudi jikoni tena.

Ukaitika. Nikajiona fundi.

Mgrevilea ulioangushwa na mvua za masika
umelala juu ya migomba, unangoja.
Nikaukandamiza msumeno
kama mtu anayemsukuma ng'ombe kwenye josho.
Moshi. Harufu ya kuungua.
Na chini ya buti zangu, unga
laini, wa kupikia uji.

Aikaruwa akapita na majani ya ng'ombe kichwani.
Akasimama, hakuyatua.
"Kaka, unakata au unasaga?"

Zima kwanza, akasema. Upoe.
Tupa yake ni bapa, ya mundu;
yangu ni duara, haijawahi kutoka kwenye karatasi ya dukani.
Lakini mkono ni uleule:
sukuma mbele tu, usirudi ukikwaruza,
jino hili mara tatu, na lile mara tatu,
usilipendelee hata moja,
la sivyo utakata upande
kama mtoto aliyelelewa na bibi.

Filta ya hewa ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria.
Tuliisugua kwa mswaki wa marehemu baba,
na tope la oili lililoziba mfereji wa bapa
tukalikwangua kwa spoki ya baiskeli.
Cheni tukaikaza: ukiivuta iinuke kidogo,
ukiiachia irudi, na mkono wenye glovu
bado uweze kuizungusha.
Nikaielekeza ncha kwenye kisiki cheupe, nikakoleza moto:
mstari mwembamba wa oili ukajichora.
Kumbe siku zote ilikuwa inakimbia kavu.

Safari hii sikukandamiza.
Uzito wake wenyewe ulitosha.
Vikaruka vipande vinene, vyekundu-vyekundu,
vingine vikanasa kwenye mikahawa.
Aikaruwa tayari alikuwa zizini, hakutazama.

Tarehe mbili Januari nikamwaga mafuta yote,
nikauacha ungurume mpaka ukazimika wenyewe,
nikaufunga gunia safi.
Tupa duara nikaitundika karibu na mundu wake.
Asante sikuisema vizuri.

Machi akanipigia simu, niko kazini:
"Nimenunua petroli. Nimevuta mara mbili tu."
Nyuma yake niliusikia unanguruma.
Halafu akakata.
Simu, au mti, sikujua.